PIKIPIKI NDIYO MGONJWA, SI DEREVA



Katika ua wa kampuni moja ya kupeleka mizigo hapa Nairobi limebandikwa tangazo ukutani. Jina la kampuni hatuliandiki, maana shauri lake lingali mezani. Tangazo lasema ya kuwa dereva wa pikipiki atakayeanguka, kisha akatoa sababu kwamba usukani ulicheza, atahesabiwa kuwa ameanguka kwa uzembe, na gharama ya kutengeneza pikipiki itakatwa katika mshahara wake. Pikipiki zote, lasema tangazo, hukaguliwa kila mwezi na kuonekana nzima.

Tukauliza ukaguzi huo hufanywaje. Tukajibiwa: msimamizi hupiga honi, huwasha taa, hukanyaga breki, hutazama kama namba ya usajili yasomeka, kisha hutia sahihi. Hayo ni mambo mema na hatuyakatai. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kumwonyesha mtu kwa nini usukani wa pikipiki unacheza. Ni sawa na daktari anayempima mgonjwa wa homa kwa kutazama viatu vyake.

Sisi twasema hivi: usukani hauchezi bure. Una sababu, na karibu kila sababu yaonekana kwa macho au yashikika kwa mkono. Fundi mwenye akili, akiwa na spana mbili, kipande cha uzi na mtu mmoja wa kumsaidia, ataipata kwa muda wa saa moja, na mara nyingi kwa nusu yake. Bwana Meneja ambaye hakuitoa saa hiyo moja hana haki ya kutamka neno uzembe. Yeye hakuchunguza, amehukumu tu.

Basi tutaeleza namna ya kuchunguza, ili kila mwanachama aweze kusimama mbele ya msimamizi wake na kumwambia: twende tuikague pamoja.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe, kwa maana watu huchanganya magonjwa mawili. La kwanza ni usukani kucheza: hendeli hupiga kushoto na kulia upesi upesi, mara nne hadi mara kumi kwa sekunde moja, hata huwezi kuhesabu. Katika pikipiki zetu ndogo za kazi, ugonjwa huu hupenda kuja pale unapopunguza mafuta na mwendo ukashuka, tuseme kutoka kilomita 70 kwenda 40 kwa saa, hasa ukiwa umeachia mkono mmoja. La pili ni pikipiki kupepesuka: pikipiki nzima huogelea kama samaki, polepole, mara mbili au tatu kwa sekunde, tena huja kwa mwendo mkubwa. Kupepesuka mara nyingi hutoka nyuma: mzigo, bushi za mkono wa gurudumu la nyuma, au tairi la nyuma lisilo na upepo. Kucheza kwa usukani mara nyingi hutoka mbele. Twasema mara nyingi, si mara zote, na hapo chini mtaona sababu.

Kwa hiyo fundi akikuuliza pikipiki ina nini, usimjibu "inatingika" halafu ukanyamaza. Mwambie ni hendeli peke yake au ni mwili mzima. Mwambie ni mwendo gani. Mwambie ni wakati wa kuongeza mafuta au wa kupunguza, ukiwa na mzigo au mtupu, barabara kavu au yenye mistari iliyochongwa. Majibu hayo yatamwokolea nusu ya kazi yake.

Sasa kwa nini hendeli hucheza? Mmeviona vigari vya kusukuma katika maduka makubwa. Gurudumu lake dogo la mbele limefungwa ili lifuate nyuma ya pini yake. Likiwa limelegea na ukakisukuma kigari kwa kasi, hupiga huku na huku kama mwendawazimu. Gurudumu la mbele la pikipiki ni ndugu yake. Ukichora mstari kufuata shingo ya pikipiki mpaka chini, mstari huo hugusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Kwa hiyo tairi hufuata nyuma, na ndiyo maana pikipiki hupenda kwenda moja kwa moja. Tairi likisukumwa kando na jiwe, hurudi katikati, hupita katikati kidogo, hurudi tena. Kila kitu kikiwa kimekaza, mchezo huo hufa mara moja. Mahali palipolegea, kila kurudi huwa kukubwa kuliko kwenda.

Na ni nini kinachouua mchezo huo wakati chuma kimelegea? Ni mikono ya dereva. Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wasimame kidogo. Pikipiki yenye shingo iliyolegea huweza kutembea miezi mingi bila kumwangusha mtu, kwa kuwa dereva ameishika hendeli kwa mikono miwili kutwa nzima, na viganja vyake vimekuwa vikifanya kazi ya vyuma vilivyochakaa. Jioni mabega yamuuma, naye hajui ni kwa nini. Siku moja aachia mkono mmoja ili aoneshe ishara ya kuingia kulia, na yale yaliyokuwa yamezuiwa miezi sita yaja yote kwa sekunde moja. Tajiri aandika: uzembe. Sisi twaandika: dereva huyu alikuwa kipuri cha pikipiki, tena kipuri kisicholipiwa.

Tuingie kazini. Anzeni na kile kisichogharimu kitu, yaani upepo. Pikipiki nyingi za kazi hapa kwetu huvaa tairi la 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, na kitabu cha nyingi ya hizo hutaka kama pauni 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako hadi 32 ukiwa umebeba. Fuateni kitabu cha pikipiki yenu, msifuate maneno yetu wala kidole cha mtu wa pancha. Mara ngapi tumeona gari la kampuni lina kipimo cha upepo cha gharama, na pikipiki ishirini ua ule ule hazina hata kimoja? Kidole gumba hakiwezi kutofautisha pauni 18 na 25. Usukani unaweza.

Tairi lenyewe litazameni likizunguka. Pitisheni kiganja juu yake polepole, kwenda na kurudi. Likiwa limelika kwa mabonde, mabonde hayo hupiga lami na kuamsha hendeli. Karibu na rimu, ubavuni mwa tairi, pana mstari mwembamba unaozunguka. Mstari huo uwe na umbali ule ule kutoka rimu pande zote. Mahali ulipozama, tairi halikukaa vizuri lilipofungwa, na litarukaruka hata kama ni jipya kabisa. Tazameni mshale wa mwelekeo. Tazameni na tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Kampuni ikiwaambia tairi ni jipya kwa sababu limetoka stoo leo asubuhi, someni tarakimu hizo kabla ya kupiga makofi.

Baada ya hapo inueni gurudumu la mbele. Simamisheni pikipiki juu ya stendi ya katikati, mtu mmoja akandamize nyuma, au wekeni kreti imara chini ya injini. Fungeni waya kwenye mguu wa foku, ncha yake ikaribie rimu bila kugusa, kisha zungusheni gurudumu. Nafasi kati ya ncha na rimu ikibadilika kwa zaidi ya milimita mbili, kwenda kando au kwenda juu na chini, rimu imepinda au spoki zimelegea. Spoki zipigwe moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya mti. Ila asikaze moja ile peke yake, maana ataivuta rimu upande. Kazi ya spoki ni ya kuzunguka gurudumu zima, kidogo kidogo, na si kila mwenye spana aiwezaye.

Sasa njooni kwenye jambo lenyewe, ambalo twaliweka mbele ya mengine yote: shingo.

Katika pikipiki nyingi ndogo, shingo hugeuka juu ya goroli zilizo huru ndani ya vikombe, juu na chini. Kila shimo la barabara hupigwa na goroli hizo. Nazo hupigwa mahali pamoja tu, kwa sababu asilimia kubwa ya safari hendeli imeelekea mbele. Mwishowe goroli huchimba vishimo vidogo ndani ya vikombe, pale pale katikati.

Kuna majaribio mawili, na yote mawili lazima yafanywe. La kwanza: gurudumu likiwa hewani, chuchumaa mbele ya pikipiki, shika miguu ya foku kwa chini, mmoja kila mkono, vuta kuja kwako na sukuma kwenda kwenye injini. Ukisikia "ko, ko", pana mlegeo. Lakini ngoja, usikimbilie kusema ni shingo, maana beringi za gurudumu nazo hulia hivyo hivyo. Mwambie mwenzako aishike miguu ya foku kwa nguvu isisogee, nawe ulishike gurudumu juu na chini ulitikise kushoto na kulia. Gurudumu likicheza hali foku imetulia, beringi za gurudumu zimekufa. Foku ikienda pamoja na gurudumu na mlio ukatoka juu, ni shingo. Wako mafundi waliobadilisha beringi za gurudumu mara mbili kwa mlio wa shingo, na kampuni ikalipa mara mbili, halafu ikasema madereva wanaharibu mali.

Jaribio la pili: geuza hendeli polepole sana, kwa vidole viwili, kutoka upande hadi upande. Inatakiwa iteleze kama mlango uliotiwa grisi. Ikifika katikati ikaingia mahali na kukaa, kana kwamba pana kitanda chake pale, basi vikombe vimechimbika. Wala msidanganywe hapa. Shingo ya namna hiyo HAITENGENEZWI KWA KUKAZWA NATI.

Twarudia neno hili kwa kuwa ndilo linalofanyika kila siku. Dereva alalamika, msimamizi amwita fundi, fundi atwaa spana na nyundo, akaza nati ya shingo robo mzunguko, usukani waacha kucheza, karatasi yatiwa sahihi. Kwa wiki mbili kila mtu afurahi. Kumbe sasa goroli zimebanwa ndani ya vishimo, na hendeli haiendi ila kwa kuruka kutoka kishimo hadi kishimo. Pikipiki iliyobanwa hivyo haiwezi kujisahihisha: kwa mwendo mdogo yatangatanga barabarani kama mlevi, na dereva hulazimika kuielekeza kila hatua. Mgonjwa amefungwa mdomo asikohoe, na daktari amedai malipo.

Dawa ni vikombe vipya na goroli mpya, juu na chini, pamoja na grisi. Si goroli mpya ndani ya vikombe vya zamani. Vifaa hivyo si vya bei kubwa. Mtu yeyote aweza kuuliza pale Kirinyaga Road, ambayo wazee wetu waliiita Grogan. Kinachogharimu ni nusu siku ya kazi ya fundi na nusu siku ya pikipiki kutotembea, na hiyo nusu siku ndiyo wakubwa hawaitaki. Ikisha kufungwa, ipimwe hivi: hendeli iwekwe katikati, isukumwe kidogo kwa kidole, iende yenyewe mpaka mwisho kila upande, na "ko, ko" isisikike tena. Nyaya za klachi na breki zisiivute, la sivyo kipimo kitakuwa cha uongo.

Foku tutaisema kwa ufupi. Mafuta yakivuja kwenye sili ya mguu mmoja, miguu haifanyi kazi sawa. Pikipiki iliyowahi kuanguka au kuingia shimo kubwa, itolewe gurudumu na ekseli irudishwe kwa mkono. Ikipita kwa urahisi, vema. Ikihitaji nyundo, miguu imepinda au imejinyonga ndani ya vishikio vyake, na hapo hamna cha kubishana. Ekseli yenyewe ibiringishwe juu ya kioo, mwanga usionekane chini yake.

Halafu magurudumu mawili yafuatane. Alama za kukazia mnyororo, kule nyuma, tusiziamini. Nyingi zilipigwa bila uangalifu. Vuteni uzi kutoka upande wa tairi la nyuma hadi mbele, kisha mwingine upande wa pili, nyuzi ziguse tairi la nyuma mahali pawili. Tairi la mbele ni jembamba kidogo, kwa hiyo patakuwa na mwanya. Mwanya wa kushoto uwe sawa na wa kulia. Papo hapo shikeni tairi la nyuma na kulisukuma kando. Likicheza pamoja na mkono wake, bushi zimekwisha, na kule mbele mtatafuta ugonjwa siku tatu msiupate.

Hapo tumefika nyuma, na nyuma ndiko aliko mwenye hatia mkubwa ambaye hakutajwa katika tangazo lile. Ni sanduku.

Chukueni pikipiki ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 125, kama zilivyo karibu nyingi za kazi. Wekeni mzigo wa kilo 60 juu ya karia, na katikati ya mzigo huo pawe sentimita 25 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisheni 60 kwa 25, gawanyeni kwa 125. Jibu ni 12. Kilo 12 zimenyanyuliwa kutoka gurudumu la mbele, na la nyuma labeba 72, si 60. Ni ile mizani ya watoto ya kubembea, hakuna siri yoyote. Gurudumu la mbele lililopunguziwa uzito hushika lami kwa shida, na tairi lisiloshika vizuri ndilo hucheza kwa urahisi. Usogezeni mzigo ule ule mbele kwa sentimita 25, katikati yake pawe juu ya ekseli yenyewe, na gurudumu la mbele halitapoteza hata kilo moja.

Twauliza: ni nani aliyeamuru sanduku lile lifungwe nyuma kabisa, ili maandishi ya kampuni yasomeke vizuri? Dereva? Ni nani aliyelifanya refu kwenda juu, likapigwa na upepo wa malori kila linapopita? Katika ua tunaousema, chuma cha sanduku kilichomelewa kwa amri ya ofisi, na dereva hana ruhusa ya kulegeza hata skrubu moja. Mtu aliyenyimwa spana hawezi kushtakiwa kwa nati.

Hatuwezi kuwasema wakubwa peke yao tukawaacha wenzetu. Ndugu mnaofunga mwavuli mkubwa kwenye pikipiki, mkaukaza juu ya hendeli ili mvua isiwapate: huo ni tanga, na tanga limefungwa kwenye usukani. Ndugu mnaotundika mitungi na mifuko kwenye hendeli, ni vile vile. Ndugu mnaoanguka kidogo jioni, mkainyosha hendeli kwa goti na kunyamaza ili mwenzenu wa zamu ya asubuhi asijue: huyo wa asubuhi ndiye atakayeushuka mteremko wa Mai Mahiu na foku iliyojinyonga. Na yule fundi anayewaambia muachie mikono yote miwili barabarani ili "tuone kama inacheza", mwambieni aachie yeye. Majaribio tuliyoyataja yafanywa pikipiki ikiwa imesimama.

Kama usukani umeanza kucheza njiani, mambo ni machache. Usiikabe breki ya mbele. Punguza mafuta taratibu, usiyakate ghafula. Banaa tanki kwa magoti, inama mbele uzito uende kwenye gurudumu la mbele. Hendeli ishike imara lakini viwiko visikakamae, kwa sababu mkono uliokauka hupeleka mtikisiko mwilini na mwili huurudisha kwenye hendeli. Mwendo ukipungua, mchezo utakufa. Ukisimama, andika saa, mahali, mwendo na mzigo. Usiendelee na safari kwa kuogopa simu ya ofisi.

Na hofu hiyo ya simu tuijibu kwa sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake juu ya hatari kubwa iliyo karibu. Na mpaka hatari hiyo iondolewe, mwajiri hawezi kumlazimisha kurudi mahali pale pa hatari. Mfanyakazi aliyeondoka kwa sababu ya haki hawezi kufukuzwa wala kuadhibiwa kwa kuondoka huko. Twashikilia kwamba kwa dereva, mahali pa kazi ni kiti cha pikipiki. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria hiyo hiyo yataka pawe na kamati ya usalama. Katika ua wenye tangazo, kamati haipo. Msimamizi wa kupiga honi yupo.

Ama kukata mishahara, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukatwa kiasi cha haki kwa mali ya mwajiri iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Neno ni MAKUSUDI. Tajiri na atuonyeshe dereva aliyezichimba goroli zake kwa makusudi. Na aliyeumia, asitishwe kwamba akiandikiwa uzembe basi hana fidia: Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, haimtaki mfanyakazi athibitishe kwanza kosa la mwajiri ndipo alipwe.

Wako wenzetu wanaoambiwa kwamba wao si wafanyakazi bali ni washirika, na pikipiki ni yao, wanailipia kila siku. Hilo la ushirika tutaliandikia peke yake. Kwa leo twasema tu kwamba pikipiki yaweza kuwa yako, lakini sanduku, kipimo cha mzigo na dakika za kufika umepewa, na shingo yako ya chuma na ya nyama zote zalipa.

Madai yetu kwa kampuni ile yamepelekwa kwa maandishi. Kila pikipiki ifanyiwe majaribio ya shingo, beringi, rimu, foku na bushi kila mwezi, na fundi, si karani, huku dereva wake akiwapo na akitia sahihi yake pia. Kila iliyoanguka ipimwe kabla ya kurudi barabarani. Masanduku yasogezwe mbele, na uzito wa juu uandikwe kwenye sanduku. Kiwekwe kipimo cha upepo katika ua. Fedha zilizokwisha kukatwa kwa ajili ya usukani kucheza zirudishwe zote, maana hakuna hata pikipiki moja kati ya hizo iliyochunguzwa kabla dereva hajahukumiwa. Nyingi zilitengenezwa usiku ule ule na vipuri vya zamani vikatupwa.

Kwa ajili hiyo, wanachama wa ua ule, msilibandue tangazo. Limekaa vizuri pale lilipo. Lipigeni picha pamoja na tarehe yake. Vikombe vya shingo vikitolewa katika pikipiki yoyote, ombeni mpewe, vifutwe grisi, vifungwe katika karatasi yenye namba ya pikipiki, vipelekwe kwa katibu wa tawi. Vishimo vya goroli vyaonekana kwa macho, na ukipitisha ukucha utavisikia. Siku ya kikao tutaviweka mezani mbele ya Bwana Meneja, naye apitishe ukucha wake.